Sentimita 62 juu ya mstari wa bamvua

Mwezi wa Machi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya marehemu bibi yangu, kusini mwa Pemba, nikiisikiliza bahari ikijaa. Ilikuwa saa kumi na robo alfajiri. Watu wa visiwa hivi hawahitaji jedwali la bandari ili kuijua saa hiyo, kwani bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, na ndiyo maana akina mama wa mwani huonekana wakishuka pwani asubuhi katika siku hizo. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kuti. Maji yalipanda bila kishindo mpaka yakaugusa mnazi wa tatu kutoka ufukweni, yakatulia hapo kitambo, kisha yakaanza kurudi, yakiacha mstari mwembamba wa majani ya bahari, vijiti, maganda ya chaza na kipande cha kamba ya mwani.

Baada ya sala, mjomba wangu, ambaye ni fundi mwashi, alikuja na mpira wake wa kupimia usawa, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, ambao mafundi huutumia ili misingi isiende upande. Mimi nilishika ncha moja penye mstari ulioachwa na bahari, yeye akashika nyingine kwenye kizingiti cha mlango. "Usitikise, mwanangu, ngoja maji yatulie," aliniambia, nasi tukangoja mpaka mapovu yakaisha. Tulipima mara tatu kwa sababu mara ya kwanza mpira ulikuwa umejikunja. Jibu lilikuwa sentimita 62: hicho ndicho kimo kilichobaki kati ya bamvua kubwa la siku tulivu na sakafu ambayo mama yangu alizaliwa juu yake.

Nimeamua kuandika kuhusu kipimo hicho kwa sababu mazungumzo mengi ya mafuriko ya pwani na mabadiliko ya tabianchi huanzia mbali mno, kwenye barafu ya Greenland na mikutano ya kimataifa, na hayafiki kwenye kizingiti cha mtu. Mimi naamini tathmini ya hatari inapaswa kuanzia kwenye tofauti ya kimo baina ya maji yanayofika leo na kitu tunachotaka kukilinda. Tukishaijua tofauti hiyo, takwimu za dunia hupata pa kukaa. Tusipoijua, zitabaki habari za kutisha ambazo hakuna anayeweza kuzitumia kuamua ajenge wapi.

Jambo hili lilinikaa moyoni tangu nilipoonyeshwa ramani ya hatari ya eneo letu katika ofisi moja iliyokuwa ikiandaa mpango wa pwani. Kijiji chetu kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, yaani salama, na kimo kilichoandikwa kando ya msikiti kilikuwa zaidi ya mita 5 juu ya usawa wa bahari. Niliitazama ramani ile kwa muda, nikakumbuka kwamba nimewahi kukanyaga maji ya chumvi hatua chache tu kutoka kwenye kisima cha msikiti huo. Nilipouliza vimo vile vilitoka wapi, niliambiwa vimetoka kwenye setilaiti, na kwa hiyo ni vya uhakika.

Chanzo cha vimo vya namna hiyo kinajulikana. Mwezi wa Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiupima uso wake kwa rada, na data zake ndizo ambazo kwa miaka mingi zimetumika katika nchi zisizokuwa na vipimo vyao vya ardhi. Ni kazi kubwa ya kisayansi ambayo imewafaa watu wengi. Lakini rada ile haikuona udongo kila mahali. Penye mikoko ilipima vilele vya mikoko, penye minazi ilipima sehemu ya makuti, na penye nyumba zilizosongamana ilipima mabati. Mwaka 2019, watafiti Scott Kulp na Benjamin Strauss walionyesha kwamba katika maeneo ya chini ya pwani data hizo hukosea kwa wastani wa takriban mita 2 kwenda juu, na kwamba kosa hilo likisahihishwa, idadi ya watu duniani wanaokaa mahali pa hatari huongezeka mara kadhaa. Mita 2 ni kimo kikubwa kuliko kupanda kote kwa bahari kunakotarajiwa katika karne hii. Ramani yenye kosa la namna hiyo haiwezi kumwambia mtu chochote kuhusu sentimita 62.

Liko pia kosa jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni la kuchanganya sifuri mbili. Bandari hupima maji kuanzia karibu na usawa wa chini kabisa ambao bahari hupwa, ili nahodha ajue kwamba kina halisi hakitapungua sana chini ya kile kilichoandikwa kwenye chati yake. Wapimaji wa ardhi wao huanzia kwenye wastani wa usawa wa bahari. Katika pwani yetu, ambako wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika takriban mita 4, sifuri hizo mbili zimeachana kwa takriban mita 2. Mtu akichukua namba ya bandari na kuiweka juu ya ramani ya ardhi bila kuzioanisha, anaweza kuuzamisha mji mzima kwenye karatasi, au akikosea upande wa pili, kuunusuru mji ambao kwa kweli unazama.

Haifai kusema kwamba hatuna data zetu wenyewe. Katika bandari ya Unguja kuna kipimo cha usawa wa bahari ambacho kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1984, na Mombasa kuna kingine tangu 1986. Kuanzia mwaka 2016, Zanzibar ilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi ambayo vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki, na Dar es Salaam nako wanafunzi na wakaazi walitembea mitaa kwa mitaa chini ya mpango wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wakiandika mahali maji yanapopita na yanapotuama. Ninazithamini sana kazi hizo, kwa kuwa zilipimwa na watu wanaoyajua maeneo yenyewe. Hata hivyo kumbukumbu za bandari ya Unguja zina somo lake: katika miaka yake ya mwanzo bahari ilionekana kama inashuka, na mtu aliyeusoma mstari ule peke yake angeweza kuhitimisha kwamba sisi tumesalimika. Bahari ya Hindi hupanda na kushuka kwa miaka mingi kufuatana na pepo na joto lake, na mwezi wenyewe una mzunguko wa miaka 18.6 unaobadilisha ukubwa wa maji. Kumbukumbu fupi kuliko mzunguko huo inapaswa kusomwa kwa uangalifu mkubwa.

Sasa nije kwenye kiini cha hesabu, ambacho ndicho ningependa wasomaji wa visiwani na wa Mrima wakitafakari. Watu wengi husema kwamba bahari yetu imezoea kupanda mita 4 kila bamvua, basi sentimita 20 zitaidhuru nini? Swali hilo lina mantiki, na jibu lake limo katika tabia ya bamvua lenyewe. Mabamvua hayalingani. Makubwa zaidi huja Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na katika hayo ni machache tu yanayofika kwenye mstari wa juu kabisa. Lakini tofauti kati ya bamvua kubwa kabisa la mwaka na mabamvua ya kawaida ni ndogo, mara nyingi haizidi sentimita makumi kadhaa. Kwa hiyo bahari ikipanda sentimita 20, mstari ambao leo hufikiwa mara chache kwa mwaka utafikiwa na mabamvua mengi, na ule ambao leo haufikiwi kabisa bila dhoruba utaanza kufikiwa katika siku tulivu isiyo na upepo.

Uholanzi hali ni tofauti. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ilisukuma maji ya Bahari ya Kaskazini juu ya kingo zao na watu 1,836 wakafa katika nchi hiyo. Kule hatari kubwa iko kwenye dhoruba inayoinua maji kwa mita kadhaa juu ya kawaida, na sentimita 20 ni sehemu ndogo ya maji hayo. Kwetu dhoruba kubwa ni adimu, na kilele cha maji hutawaliwa na mwezi na jua, hivyo nafasi kati ya siku ya kawaida na siku mbaya ni nyembamba. Pwani za namna yetu ndizo ambazo kupanda kidogo kwa bahari hubadilisha mambo haraka. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya 2021, lilieleza kwamba kufikia mwaka 2100 usawa wa maji ambao zamani ulitokea mara moja kwa karne unatarajiwa kutokea angalau kila mwaka katika zaidi ya nusu ya vituo vyote vyenye vipimo vya bahari duniani. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, yaani ya sisimizi. Kwenye ramani ya dunia sentimita 20 hazionekani, na kwenye kizingiti cha bibi yangu ni theluthi ya kila kilichobaki.

Tuzichukue basi takwimu za jopo hilo na kuzipeleka kwenye baraza. Wastani wa bahari duniani ulipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yake imeongezeka, kutoka milimita 1.3 kwa mwaka katika kipindi cha 1901 hadi 1971, kufikia milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Kufikia mwaka 2050 inakadiriwa kwamba bahari itakuwa juu kwa takriban sentimita 18 hadi 23 ikilinganishwa na wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014, na hapa njia za utoaji wa gesi hazitofautiani sana, maana joto lililokwisha kuingia baharini haliondoki kwa amri. Tofauti huja baadaye: kufikia 2100, makadirio yanakwenda kutoka sentimita 28 hadi 55 dunia ikipunguza gesi haraka sana, na sentimita 63 hadi 101 ikiendelea kuzitoa kwa wingi mno. Jopo limeongeza kwamba kwa sababu mwenendo wa barafu kuu haujaeleweka vya kutosha, kupanda kunakokaribia mita 2 katika njia hiyo mbaya hakuwezi kufutwa kabisa.

Hesabu hizo zinaanzia kwenye kipindi kilichopita, kwa hiyo kama sentimita 7 zimeshaingia na zimo ndani ya mstari ule tuliouona alfajiri. Bahari pia haipandi sawasawa kila mahali. Hata hivyo picha ya jumla inatosha: katika njia njema, kizingiti kinabaki juu ya bamvua tulivu karne hii yote, na katika njia mbaya maji yanaweza kuingia ndani siku isiyo na upepo wala mvua, kabla ya vitukuu wa mjomba kuzeeka.

Lakini siku haziwi tulivu zote, na hapo ndipo sentimita 62 zinapoanza kuliwa mapema. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka kwa takriban sentimita 1, na kimbunga hushusha hektopaskali nyingi. Miaka ambayo upande wetu wa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko upande wa Indonesia, kama mwaka 2019, maji yenyewe huwa juu zaidi huku mvua za vuli zikizidi. Upepo wa kusi ukivuma juu ya maji yaliyojaa, mawimbi hupanda ufukweni kupita mstari wowote wa mpira wa maji. Ulinzi wetu wa kwanza hapo ni mwamba wa matumbawe, ambao kwa mujibu wa utafiti uliojumlisha vipimo vya nchi nyingi hupunguza wastani wa asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi. Matumbawe yetu yalipauka vibaya mwaka 1998 na tena 2016. Mwamba uliokufa humomonyoka, na maji yakiongezeka kina juu yake, wimbi lililokuwa likivunjika mbali huja kuvunjika karibu.

Kuhusu vimbunga, tumezoea kusema kwamba Mwenyezi Mungu ametuepusha, na ni kweli kwamba ukaribu wetu na ikweta huvifanya viwe adimu. Adimu haina maana ya kutokuwepo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, kingine kiliipiga Lindi mwezi wa Aprili 1952, na Mei 2024 Hidaya ilifika hadi karibu na Mafia. Mtaalamu akisema tukio fulani hutokea mara moja kwa miaka 100, msikilizaji hudhani likishatokea limekwisha kwa karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka lina nafasi ya asilimia 1, na katika miaka 30, ambayo ni umri mdogo kwa nyumba, nafasi hiyo hufika asilimia 26.

Tena maji hayaji kutoka upande mmoja. Mabamvua makubwa ya Machi na Aprili hukutana na mwanzo wa masika, na mto unaotaka kumwaga maji yake baharini huikuta bahari imefunga mlango. Wakaazi wa Jangwani, Dar es Salaam, wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu Msimbazi ukifurika wakati maji yamejaa penye daraja la Salenda, hauna pa kwenda. Tathmini inayopima bahari peke yake na mvua peke yake, kila moja na ripoti yake, huikosa siku mbaya kuliko zote.

Ni lazima pia tuwe waaminifu na kukiri kwamba si kila ufukwe unaoliwa umeliwa na mabadiliko ya tabianchi. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walitaga hapo. Kufikia miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga ambalo huonekana maji yakipwa. Miti ilikatwa, na mchanga uliokosa mizizi ulichukuliwa na mawimbi. Kijijini kwetu mikoko ilikatwa kwa ajili ya boriti na kuni, na mchanga wa ufukweni umebebwa kwa magari ya ng'ombe kwenda kujengea. Nikisema bahari peke yake ndiyo iliyotusogelea nitakuwa ninamdanganya msomaji, na nitakuwa ninakificha kitu kimoja tunachoweza kukizuia sisi wenyewe mwaka huu huu.

Sehemu ya mwisho ya tathmini ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni kujua kilicho njiani mwa maji na jinsi kitakavyodhurika. Maji yakifika sentimita 5 ndani ya nyumba ya matofali ya saruji, watu watadeki na kulalamika. Maji hayo hayo yakikaa saa 2 kwenye msingi wa nyumba ya fito na udongo, ukuta unalainika kutoka chini na kuanguka siku kadhaa baadaye, pengine usiku. Kisima hakihitaji mafuriko ili kiharibike. Maji ya chumvi hupenya chini kwa chini, na kisima cha msikiti wetu, ambacho bibi alikitumia kupikia, sasa hutumiwa kufulia tu. Bonde la mpunga lililo nyuma ya kijiji liko chini kuliko nyumba, na chumvi ikishaingia humo mara moja, mazao hupotea kwa msimu huo na mara nyingi kwa ule unaofuata. Makaburi yako upande wa mikoko. Hakuna safu katika majedwali niliyoyaona ambamo mtu angeweza kuandika hasara ya makaburi, lakini mjomba alipoulizwa maji yakiongezeka atahofia nini kwanza, alitaja makaburi kabla ya nyumba.

Watu huuliza kuhusu kuta. Ukuta wa Ocean Road, Dar es Salaam, unalinda barabara na majengo ambayo haiwezekani kuyahamisha, na pale unastahili kuwepo. Penye kijiji cha nyumba 40 na ufukwe mrefu, ukuta hugharimu mno, na mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwa jirani aliye mwishoni mwake. Kwetu ninaona kurudisha mikoko, kuacha mchanga mahali pake na kujenga juu zaidi ndiyo njia ya kwanza, nayo inadai kimo kijulikane nyumba kwa nyumba.

Baada ya siku ile tuliendelea. Vijana wawili wa madrasa walijifunza kuushika mpira bila kuutikisa, na kwa mabamvua manne yaliyofuata tukapima vizingiti 31. Cha chini kabisa kilikuwa sentimita 19 juu ya mstari wa Machi, nyumba ya mjane mwenye watoto wanne; cha juu kilikuwa mita 2 na sentimita 40, karibu na skuli. Tulipiga alama ya rangi nyeupe kwenye nguzo ya zege iliyobaki ya gati ya zamani, na kijana mkubwa huandika tarehe kwenye daftari kila maji yanapoigusa. Sheha aliomba nakala ya daftari, nasi tukampa pamoja na orodha ya vizingiti, tukiwa tumepanga majina kuanzia kimo cha chini.

Binamu yangu alikuwa ameshamwaga mawe ya msingi wa nyumba yake nyuma ya mnazi wa nne, kwenye kiwanja alichorithi. Mjomba alimpeleka pale na mpira wa maji saa kumi jioni, bahari ikiwa imejaa, akamwonyesha kwa kidole usawa wa mstari kwenye shina la mnazi. Wiki iliyopita mawe yale yalihamishiwa kwenye kipande cha shamba kilichoko upande wa skuli, na mjane ameahidiwa kiwanja kilicho jirani na hicho.